Nairobi hadi New York: Mama atakaa hewani saa ngapi?

Zimekuwa nyingi familia zetu za pwani na za bara ambazo mtoto mmoja au wawili wametulia Marekani. Wamesoma huko, wameoa au kuolewa, wamezaa, na sasa wanataka mama yao akawaone wajukuu. Fedha za nauli hutafutwa, viza hupatikana baada ya kuhangaika, na siku moja tiketi huingia katika simu ya kijana wa nyumbani. Jamaa hukusanyika. Swali la kwanza atakalouliza mama, tena kwa sauti ya chini, ni hili: safari yenyewe ni ya saa ngapi?

Kijana huitazama tiketi. Tuseme imeandikwa kwamba ndege inaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30. Kijana anahesabu kwa vidole, kutoka saa tano na nusu usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha anajibu kwa furaha: “Saa saba tu, mama. Utalala, utaamka umefika.” Mama anashusha pumzi. Anafunga dawa za kutosha usiku mmoja katika mkoba, zilizobaki anazitia katika sanduku kubwa litakalokaa tumboni mwa ndege, na anaweka nia ya kusali Alfajiri akishatua.

Kijana huyo hakusema uongo kwa kukusudia, lakini safari hiyo si ya saa saba. Ni ya saa kumi na tano. Saa nane zilizobaki zimefichwa na tiketi yenyewe, na wiki hii tumeona tuzifukue, kwa sababu ndani yake mna sindano ya kisukari, mna Sala, na mna miguu ya mtu mzima iliyokunjwa katika kiti chembamba.

Tuanze na umbali, maana huo haubadiliki. Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,850 hivi kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Aliyezoea barabara ya Mombasa na Nairobi aifikirie njia hiyo akiipita mara kumi na mbili kwenda na kurudi, bila kushuka. Hadi mwaka 2018 hapakuwa na ndege ya abiria iliyounganisha miji hii miwili bila kutua. Abiria wetu alipitia Ulaya au Ghuba, akasubiri ndege ya pili, na jumla yake ikapindukia saa ishirini. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo shirika la Kenya Airways lilianza safari ya moja kwa moja kwa ndege aina ya Boeing 787, na tangu hapo ndiyo njia wanayoitamani wengi wanaosafirisha wazee, kwa kuwa mzee hahitaji kubadilisha ndege katika uwanja asioujua kwa lugha asiyoisikia.

Njia hiyo fupi inapita wapi? Mwenye ramani ya ukutani akiweka rula kati ya Nairobi na New York ataona mstari unaokatiza Jamhuri ya Afrika ya Kati, Nigeria, Mali na Mauritania, kisha unaingia baharini. Lakini ramani ya ukutani ni dunia iliyobanjuliwa. Mchukue mtoto, mpe tufe la shuleni, au mpira wa kawaida uliochorwa mabara kwa kalamu, na uzi. Aushike uzi kwa kidole penye Nairobi, auvute hadi ukaze, aushike penye New York. Uzi utapanda kaskazini zaidi ya ile rula: Sudan Kusini, Chad, pembe ya Niger, jangwa la Algeria, kisha Morocco. Nusu ya safari, kwa hesabu ya uzi huo, huangukia karibu kabisa na mji wa Marrakech. Anayefuata rula ataongeza zaidi ya kilomita 300 bila faida yoyote. Rubani naye haufuati uzi kwa ukamilifu, kwa sababu kuna anga zinazofungwa kwa ajili ya vita na kuna hali ya hewa ya kukwepa, hivyo njia ya leo si lazima iwe ya kesho. Lakini uzi ndio msingi wa hesabu yake.

Uzi huohuo ndio unaojibu jambo ambalo wageni kutoka kwetu hulishangaa wanapoingia misikiti ya Marekani. Makka iko kusini zaidi ya New York. Mji mmoja uko kwenye latitudo ya digrii 21 na mwingine kwenye digrii 40. Mgeni hutarajia kibla kiwe mashariki na kielekee kusini kidogo, naye huwakuta waumini wameelekea kaskazini-mashariki. Baadhi hudhani msikiti umejengwa vibaya! Auvute uzi kutoka New York hadi Makka juu ya tufe, ataona wenyewe wako sawa. Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwahi kusumbuka na jambo hili, kwa sababu Makka iko takriban kaskazini yetu moja kwa moja, na upande huo rula na uzi havigombani.

Turudi kwenye saa. Ndege kubwa ya siku hizi ikiwa angani huenda takriban kilomita 900 kwa saa. Kilomita 11,850 zikigawanywa kwa mwendo huo ni saa kumi na tatu na dakika chache. Kwa nini basi tumesema kumi na tano?

Wazee wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili. Umbali wa Maskati na Unguja haukubadilika hata siku moja, lakini nahodha wa jahazi hakuwa akiuliza umbali. Aliuliza upepo. Alishuka na kaskazi, akafanya biashara yake, akapandisha tanga na kusi, na aliyechelewa kusi alikaa Unguja akisubiri mwaka ugeuke. Angani nako kuna upepo wa namna hiyo. Katika kimo cha kilomita tisa hadi kumi na mbili, ambako ndege hizi huruka, mna mikondo ya upepo inayovuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, na hushtadi zaidi miezi ya baridi ya kaskazini, kuanzia Desemba hadi Februari. Anayekwenda New York hukabiliana nao usoni. Anayerudi Nairobi husukumwa nao mgongoni. Ndiyo maana kwenda huhesabiwa saa kumi na tano na kurudi saa kumi na nne, au zaidi kidogo, kwa ndege ileile na umbali uleule.

Na hizo saa za ratiba hazianzi magurudumu yanapoacha ardhi. Zinaanza ndege inaposogezwa kutoka mlangoni na kuishia inaposimama mlango wa upande wa pili. Ndani yake mna kujivuta kwenda njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda taratibu, na kuzunguka juu ya New York ikiwa viwanja vya huko vimejaa. Nairobi ina shida yake ya ziada, nayo ni kimo. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na hewa nyepesi haiinui bawa kama ile nzito ya Mombasa. Hewa ya joto huwa nyepesi zaidi. Kwa ndege iliyosheheni mafuta ya kuvuka Sahara na Atlantiki, kuondoka usiku wakati wa ubaridi ni nafuu kubwa.

Kuna safari ndefu kuliko hii. Kutoka Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,000, na abiria hukaa saa kumi na nane na kuendelea. Lakini tusijifariji kwa ya wengine. Saa kumi na tano kwa mama wa miaka sabini zinatosha.

Sasa zile saa nane. Nairobi, Dar es Salaam, Unguja na Kampala zote zinatumia saa moja, nasi hatubadilishi saa kwa msimu. Marekani hubadilisha mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya pili ya Machi husogeza mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba hurudisha nyuma. Kwa hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi na saba wakati wa kiangazi chao. Tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za Nairobi, na saa ya kufika kwa saa za New York, bila kumwambia msomaji kwamba hizo ni saa za miji miwili. Hesabu ya sawa ni nyepesi mtu akiijua: chukua saa ya kufika, igeuze iwe ya nyumbani, ndipo uhesabu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya New York mwezi wa Januari ni saa nane na nusu mchana hapa. Kutoka saa tano na nusu usiku hadi saa nane na nusu mchana wa siku ya pili ni saa kumi na tano kamili. Kama safari hiyo ilianza Alhamisi usiku, basi mama anapokanyaga Marekani asubuhi ya Ijumaa, waliobaki Mombasa wameshasali Sala ya Ijumaa, wamekula, na baadhi yao wamelala.

Wanaokwenda Umra hawayajui matatizo haya. Kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni kilomita 3,160 hivi, na viwanja hivyo viwili viko karibu kwenye longitudo moja, mmoja kaskazini ya mwingine. Saa ya mkononi haiguswi. Mzee aliyekwenda Umra mara tatu akarudi salama anaweza kudhani kwamba ameshazoea ndege, naye kwa hakika hajawahi kukutana na kinachochosha.

Kuna mtego mwingine wa tarehe, na huu unatuhusu sisi hasa. Siku yetu huanza linapotua jua. Tukisema usiku wa Ijumaa tunakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ule unaoingia kwa Magharibi ya Alhamisi. Siku ya mashirika ya ndege huanza saa sita ya usiku. Basi mama akiwaambia wanawe, “Naondoka usiku wa Ijumaa,” naye tiketi yake ni ya Alhamisi 23:30, amesema kweli kwa hesabu aliyolelewa nayo, lakini vijana waliosoma kalenda ya ofisini watakuja kumchukua Ijumaa jioni. Kinyume chake pia hutokea. Tiketi ikiwa ya Ijumaa 00:40, yaani dakika arobaini baada ya saa sita usiku, ni lazima mtu awe uwanjani Alhamisi jioni, na hapo mzee ndiye atakayefahamu haraka kuliko kijana. Ongeza na desturi yetu ya kuhesabu saa kutoka mapambazuko, ambayo tiketi haiijui: 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri, wala si saa tano. Tunashauri familia iandike juu ya karatasi, kwa maneno, siku na saa ya kutoka nyumbani. Isiandikwe saa ya ndege peke yake. Aliyeko Mombasa au Tanga ana safari nyingine ya kufika Nairobi, na karatasi hiyo ndiyo atakayoishika mama.

Tumefika kwenye Sala, na hapa saa za mkononi hazisaidii kitu. Anayeruka kwenda magharibi usiku hukimbia pamoja na giza. Mwezi wa Januari jua hutua Nairobi kabla kidogo ya saa moja jioni, na New York huchomoza saa moja na dakika ishirini hivi asubuhi, ambayo ni saa tisa na ushei alasiri kwa saa zetu. Abiria wetu basi hupita katika usiku mmoja wa karibu saa ishirini. Saa yake ya mkononi itakapoonesha kumi na moja na nusu alfajiri, wakati ambapo adhana imeshatolewa Nairobi, nje ya dirisha patakuwa giza totoro; ndege itakuwa mahali fulani katika pande za Algeria au Morocco, na huko chini watu wamo katikati ya usiku. Wakati wa Sala hufuata mahali alipo msafiri, haufuati alikotoka. Akisali Alfajiri kwa saa ya Nairobi atakuwa ameitanguliza kwa muda wa saa nyingi.

Alfajiri ya kweli mwezi huo humjia mwisho kabisa wa safari. New York huingia kabla kidogo ya saa kumi na mbili, na ndege inatua saa kumi na mbili na nusu. Yaani wakati unaingia hasa pale wahudumu wanapopita kuwaamuru watu wafunge mikanda na wainue viti. Kisha hufuata foleni ya uhamiaji, ambayo yaweza kuchukua saa nzima na kuvuka mapambazuko. Mtu asiyejua hili hujikuta Sala imempita akiwa amesimama katika mstari, pasipoti mkononi. Ajuaye hujitayarisha: hutia udhu saa moja na nusu kabla ya kutua, kabla msongamano wa vyooni haujaanza, hukaa upande wa dirisha au humwomba jirani, na hutazama upeo wa macho. Asiyeweza kusimama ana ruhusa zake katika fiqhi, na namna ya kuzitumia amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, kwa kumweleza saa halisi kama tulivyozieleza hapa. Sheikh akiambiwa safari ni ya saa saba atajibu swali la saa saba.

Mwezi wa Juni mambo hugeuka. Usiku wa kaskazini ni mfupi, na alfajiri humkuta abiria juu ya Atlantiki saa kadhaa kabla ya kutua, wakati wengi wamelala na madirisha yamefunikwa. Safari hiyohiyo, kiti kilekile, na mtu aliyekwenda Januari hawezi kumwambia anayekwenda Juni kwamba Sala itaingia wakati fulani.

Kurudi ni kinyume cha hayo yote. Chukua ndege inayoondoka New York saa sita na nusu mchana mwezi wa Januari. Inalikimbilia giza linalokuja upande wa pili. Kwa hesabu yetu, Alasiri huingia baada ya saa moja na ushei tangu kuondoka, na jua huzama kabla saa ya tatu haijatimia. Aliyezoea kuiona Alasiri kuwa na nafasi pana, akasema ale kwanza, apumzike kidogo, atazame filamu iliyo mbele yake, atashtuka kuona wekundu wa Magharibi dirishani. Kuhusu Adhuhuri, karibu na muda wa kuondoka ndipo inapoingia mjini, na abiria huwa yumo katika pilikapilika za kuingia ndani ya ndege. Hapo pia mas-ala ya kukusanya na kupunguza yana masharti, na aliye mkazi wa huko hana hukumu moja na mgeni anayerejea kwao.

Mwenye kufunga naye ana lake. Anayekwenda mashariki siku yake hufupika, anayekwenda magharibi mchana siku yake hurefuka kwa saa nyingi, na ndiyo maana ruhusa ya msafiri kula si jambo la kuonewa haya. Anayeamua kufunga afuturu kwa jua analoliona yeye. Katika kimo cha kilomita kumi na moja upeo wa macho uko mbali zaidi, na jua huonekana bado lipo dakika kadhaa, hata zaidi ya kumi, baada ya kuwatoweka walio ardhini chini ya ndege hiyo. Jambo hili lilijadiliwa hata kwa jengo: mwaka 2011 wanavyuoni wa Dubai waliwaelekeza wakazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa wachelewe kufuturu kwa dakika mbili hadi tatu kuliko walio chini. Ndege imepanda zaidi ya mara kumi ya kimo cha jengo hilo.

Tumwangalie mama mwenyewe sasa. Mwenye kisukari anayejidunga sindano kwa saa maalumu, au anayemeza vidonge vya shinikizo la damu asubuhi na jioni, ataishi siku moja yenye saa thelathini na mbili badala ya ishirini na nne. Atakula lini, atadunga lini, na kipimo gani? Hilo halijibiwi na gazeti wala na jirani aliyewahi kusafiri. Analijibu daktari wake, wiki mbili au tatu kabla ya safari, akiwa ameoneshwa saa za kuondoka, za kufika na tofauti ya saa. Tunachoweza kusema bila kusita ni kwamba dawa zote, na insulini hasa, zikae katika mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Sanduku kubwa laweza kuchelewa, na insulini haivumilii baridi ya kugandisha. Saa ya kumeza dawa ihesabiwe tangu kuondoka: “baada ya saa sita hewani”, “baada ya saa kumi na mbili hewani”. Hesabu ya namna hiyo haichezewi na longitudo, na mhudumu wa ndege anaweza kumkumbusha akiombwa.

Miguu nayo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 matokeo ya uchunguzi kwamba anayekaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, katika ndege, basi au gari moshi, hatari yake ya damu kuganda katika mishipa huongezeka kama maradufu. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo ingali ndogo. Kwa mnene sana, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu, si ya kupuuza, naye amuone daktari. Mama ainuke kila baada ya saa moja au mbili anapokuwa macho, atembee hadi nyuma ya ndege, azungushe vifundo vya miguu akiwa kitini, na anywe maji. Akina mama wetu wengi hujizuia kunywa maji kwa kuona haya kumwinua jirani kila mara wanapokwenda chooni. Dawa ya haya hiyo ni kiti cha pembeni ya njia, kinachoombwa mapema wakati wa kukata tiketi. Tumekwisha kusema dirisha linasaidia Sala. Basi familia ipime, na kwa mwenye magonjwa sisi tungechagua njia. Alfajiri anaweza kuuliza.

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu na nyepesi. Katika ndege aina hii hufanywa iwe kama ya mahali penye kimo cha mita 1,800, yaani juu kidogo ya Nairobi, wakati ndege nyingi za zamani hufikia mita 2,400. Mwenye pumu au moyo dhaifu anayehangaika kila apandapo Nairobi kutoka Mombasa ameshapata onyo lake, na alipeleke kwa daktari.

Kiti cha magurudumu kiombwe kabla, hata kama mama anatembea vizuri msikitini na sokoni. Korido za viwanja hivi ni ndefu, na anayesukumwa huwa na mtu wa kumwongoza katika foleni ya uhamiaji. Yule mwanawe atakayempokea ahesabu saa moja hadi mbili baada ya kutua kabla ya kumwona akitoka. Asipige simu nyumbani kwa hofu dakika ya ishirini. Na mwanzoni aseme kwa simu jambo ambalo Mombasa hakuna anayelikumbuka: Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, New York maji hugandia barabarani. Koti na soksi nzito visikae katika sanduku kubwa. Vikae juu kabisa katika mkoba wa mkononi, karibu na dawa.